Anika Paneli, Usianike Betri

 

Aliyekulia kijijini kabla ya simu za mkononi anaijua kazi ya kuanika betri. Redio ikianza kusinzia, sauti ikawa nzito na ndogo, mzee alizitoa zile betri kubwa za National, akazipanga juu ya bati au kwenye ukingo wa baraza, zikapigwa jua la saa saba mpaka alasiri. Jioni zilirudi ndani ya redio, na kwa bahati zilifika taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Wengine waliziuma kwa meno kwanza, hao tusiwasemee. Kuanika kwenyewe hakukuwa upuuzi mtupu. Joto huichangamsha kemia iliyobaki ndani ya betri kavu, na ile akiba ndogo iliyogoma kutoka hutoka. Hakuna kilichoongezwa. Mzee alikuwa anakamua, hakuwa anachaji.

Na betri zile zilikuwa na heshima yake. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipoendeshwa kwa redio nchi nzima, watu wapatao milioni 2 walijifunza katika vikundi, wamekaa pamoja, redio moja katikati. Vijiji vingi havikuwa na nguzo hata moja ya umeme. Betri ikifa, darasa limekufa.

Zama zimebadilika, lakini mkono wa kuanika tumebaki nao. Pita leo hapa Buzuruga, Mwanza, kandokando ya barabara ya Musoma, uone kinachouzwa madukani: paneli za sola za kukunja, paneli ndogo za kubeba mkononi, redio za memori kadi, taa za kuvulia dagaa, betri za kila umbo. Mwenyeji wa Buzuruga ana umeme wa TANESCO, ananunua kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Lakini mzigo mwingine unapanda gari kwenda Magu na Bunda, au unashuka mwaloni kupanda mtumbwi kwenda Ukerewe, Ukara na makambi ya wavuvi. Huko ndiko paneli inakofunguliwa, inatandazwa juani, na pembeni yake, juani vilevile, inawekwa betri na redio yenyewe. Kila kitu kinaanikwa kwa pamoja kama dagaa.

Hapo ndipo ninapoanza ugomvi wangu na wewe, msikilizaji. Jua ni la paneli peke yake. Betri za leo, hasa zile za lithiamu zilizomo ndani ya redio ndogo na redio za upepo za kutuma na kupokea sauti, hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45 za Selsiasi. Bati la saa saba mchana hupita hapo kwa mbali. Hata betri ya asidi, ile ya gari, joto huila maisha. Kwa hiyo nunua waya mrefu kidogo, mita 3 au 5, wenye unene wa kutosha. Paneli ibaki nje, betri ikae kivulini penye hewa.

Sasa nikueleze kwa nini nalivalia njuga jambo dogo namna hii. Umeme wa sola tumeudharau. Waya wa TANESCO una volti 230, unarusha mtu, na kila mtu mtaani anamjua fulani aliyepigwa shoti. Umeme wa betri una volti 12 tu. Unaushika kwa mikono miwili, husikii kitu. Basi tukaamua kwamba ni umeme mpole, wa kuchezea watoto. Ni kweli haurushi, ila unaunguza.

Chukua betri ya N70, hii ya gari. Ukiangusha spana ikagusa vichwa vyake viwili kwa pamoja, kinachopita kwenye ile spana ni mamia ya ampea. Spana inakuwa nyekundu, inaweza kujichomea palepale isitoke. Aliyevaa pete au bangili ya chuma mkononi, pete ndiyo inayogeuka spana. Mafundi wa magari wanaojua kazi yao huvua saa na pete kabla ya kugusa betri, na ukimwona fundi anaingiza mkono na dhahabu zake, msubiri mwingine. Waya nao ni hivyohivyo: waya mwembamba wa spika uliofungwa kutoka kwenye betri hadi kwenye redio, ukikwaruzika na kugusana, unawaka urefu wake wote kabla hujaifikia betri kuukata. Ukiwa umepita ukutani kwenye nyumba ya makuti au juu ya chandarua, hapo hakuna la kuzungumza.

Dawa yake ni fyuzi. Ile ya kawaida ya gari, bei yake haizidi sana soda. Ifungwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na kichwa cha betri, isizidi kiganja kimoja kutoka pale. Watu wengi huiweka upande wa redio, wakidhani inailinda redio. Fyuzi inalinda waya, na waya unaanzia kwenye betri. Ikiwa mbali, kipande chote cha katikati hakina mlinzi. Redio kubwa ya upepo ya kwenye boti, ya wati 25, hutumia ampea 5 hadi 6 inapotuma sauti. Fyuzi ya ampea 10 inaitosha. Na tafadhali, ikikatika usiibadilishe kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Imekatika kwa sababu.

Nimetaja redio ya upepo kwa makusudi. Ziwa letu lina tabia yake: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka, pepo za pande zote zikakutana huko katikati ya maji, na mawingu ya radi hupanda saa ileile watu wa dagaa wako kazini na taa zao. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa, na redio ndiyo inayoufikisha kambini. Wenye vyombo vikubwa wana redio za baharini, na chaneli 16 ndiyo ya kuitia msaada dunia nzima. Tangu meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, hakuna mtu wa ziwa hili anayehitaji kushawishiwa kwamba mawasiliano majini ni uhai. Lakini redio iliyokufa chaji saa nane usiku ni kopo.

Basi tufanye hesabu, ni fupi. Redio ya wati 25 ikiwa inasikiliza tu hutumia karibu ampea 0.4. Isikilize saa 10 za usiku: ampea-saa 4. Ongeza robo saa ya kuongea kwa jumla: ampea-saa 1.4 hivi. Jumla ni 5.4. Duka litakuuzia kibetri cha asidi cha ampea-saa 7 na kukwambia kinatosha. Hakitoshi, kwa kuwa betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukiikamua yote kila usiku, haitamaliza hata mwaka. Chukua ya 18 au 20. Na paneli? Mwanza tukikadiria saa 5 za jua kamili kwa siku, paneli ya wati 20 ingekupa wati-saa 100 kwenye karatasi, na 70 baada ya hasara za joto, vumbi na waya. Usiku wako umekula wati-saa 65. Inatosha kwa kubahatisha, na siku ya mawingu umekwama. Nunua wati 40.

Ila wati zenyewe zipime kwa macho kabla ya kutoa hela. Jua la utosini huleta wati 1,000 hivi kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri ya leo inachukua kama sehemu moja ya tano. Paneli ya kweli ya wati 100, kwa hiyo, lazima iwe na eneo la karibu nusu mita ya mraba. Ukioneshwa kitu cha ukubwa wa daftari la shule kimeandikwa wati 100, kicheke tu. Hakifiki hata 15. Betri nazo zina uongo wake: zile za duara za lithiamu, nene kama kidole gumba, zinazowekwa kwenye tochi na taa, iliyo bora haizidi sana miliampea-saa 3,500. Zilizoandikwa 9,800 zimeandikwa na mtu aliyejua hutapima.

Kati ya paneli na betri kuna kitu ambacho wengi wanakiruka ili kuokoa fedha: kontrola. Paneli inayoitwa ya volti 12 haitoi volti 12. Ikiwa juani bila kazi hutoa 21 au 22. Betri ya asidi inataka isizidi 14.4 hadi 14.7 wakati wa kujaa, kisha ishushwe hadi 13.6 hivi. Ukiifunga moja kwa moja, mchana wa kwanza utaona inajaa haraka, ukafurahi. Inaendelea kusukumwa mpaka maji yanachemka, na kinachotoka humo ni haidrojeni. Gesi hiyo ikifika sehemu 4 tu kwa 100 za hewa ya chumba, cheche inatosha kuilipua: ya swichi, ya kiberiti, ya kibanio unachokifungua kwenye kichwa cha betri. Betri inapasuka na kumwaga asidi usoni kwa aliyeinama kuitazama. Ikikutokea, maji mengi, dakika nyingi, macho yakiwa wazi, halafu hospitali. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Kontrola nayo ina mpangilio wake, na mpangilio huu ndio unaoua redio nyingi. Unaanza kufunga betri. Baadaye paneli. Redio ya mwisho. Wakati wa kufungua, unakwenda kinyume: redio, paneli, na betri ndiyo ya mwisho. Sababu ni kwamba kontrola inajua iko kwenye mfumo wa volti ngapi kwa kuitazama betri. Ukiinyima betri huku paneli ikiwa imefungwa, kontrola za bei rahisi huachia volti zote za paneli zipite hadi kwenye redio. Redio nyingi za upepo zimetengenezwa kwa volti 13.8 na huvumilia kama 15.8. Ipe 21, utasikia harufu kabla ya kuona moshi. Kwa sababu hiyohiyo, redio haifungwi moja kwa moja kwenye paneli hata kwa dakika moja ya kujaribu. Kabla hujagusa nyaya za paneli mchana, ifunike kwa blanketi au igeuze uso chini. Paneli haina swichi. Jua likiipata, imeshawaka.

Hapa najua kuna mama ananiambia: mwanangu, mimi sina redio ya upepo wala betri ya gari, nina karedio kangu ka memori kadi. Sawa, mama. Hako ndiko kanakonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kanalala na wewe kitandani. Redio nyingi za namna hiyo zinatumia betri ileile nyembamba ya simu za zamani za Nokia, BL-5C, ya volti 3.7. Kujaa kwake ni volti 4.2, na hapo ndipo mwisho. Mwenye haraka huchukua kipaneli cha volti 6, akakiunganisha kwa nyaya mbili na vipande vya plasta. Betri ya asidi ukiizidishia inatoa mapovu kwanza; lithiamu haikuonyi. Inavimba, inapata joto, na siku moja inatoa moto ambao moshi wake ni sumu. Tumia tundu la redio lenyewe la kuchajia, au ile chaja ya kobe inayobana betri ya simu, ikiwa imechomekwa kwenye tundu la USB la kontrola. Na kipimo cha vijana wa mtaani ni cha kweli kabisa: itoe betri, ilaze mezani, izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba katikati. Haina tiba. Usiitoboe ili ipumue.

Mahali pa kuchajia pananipa shida zaidi kuliko kifaa. Kwenye nyumba ya chumba kimoja, betri huwekwa uvunguni, kwa kuogopa wezi na watoto. Uvunguni hakuna hewa, kuna mikeka, nguo na viatu, na juu yake mnalala. Iweke karibu na dirisha au mlango, ndani ya kasha la mbao au plastiki lenye matundu sehemu ya juu, maana haidrojeni hupanda. Kambini ni pabaya zaidi, kwa sababu betri hukaa jirani na madumu ya petroli ya injini. Mvuke wa petroli, tofauti na haidrojeni, hutambaa chini na kujikusanya kwenye sakafu ya mtumbwi. Betri iwe mbele, petroli iwe nyuma, na vibanio visifunguliwe wala kufungwa wakati mtu anamimina mafuta. Na betri ifungwe kwa kamba. Wimbi likiigeuza, asidi itaingia kwenye maji ya sakafuni, na wavuvi hukanyaga peku.

Kuhusu paneli yenyewe sina mengi. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua la saa sita liko karibu utosini mwaka mzima, hivyo hakuna haja ya kuisimamisha kama kioo cha kunyolea. Ilaze, iinamishe kidogo ili maji na vumbi viteleze. Ifunge, kwa sababu upepo wa mchana wa ziwani huinua paneli ya kukunja na kuipigiza. Ifute asubuhi ingali baridi. Kioo cha moto kikimwagiwa maji ya ziwa kinaweza kupasuka. Kivuli cha tawi moja au cha kamba ya nguo hupunguza umeme kuliko unavyodhani, kwa maana seli zimefungwa kwa mfululizo na iliyofunikwa inazibana nyingine, na yenyewe inachemka.

Wasikilizaji wa masafa mafupi na ya kati, nanyi nimepata malalamiko yenu ya miaka yote: mkwaruzo. Redio ikiwa karibu na kontrola, hasa hizi za kisasa, au karibu na inveta, inakoroma mpaka kituo kinapotea. Inveta ndiyo mbaya zaidi, na kwa redio ya volti 12 huihitaji kabisa. Sogeza redio mita 2 au 3, sokota nyaya chanya na hasi pamoja, na ukiweza chaji mchana kisha usiku utoe paneli. Mimi naona hilo la mwisho ndilo jibu. Usiku jua halipo, kwa hiyo hupotezi kitu.

Na wanaotaka kununua redio za kutuma sauti, hizi za mkononi za Kichina zinazouzwa hadi mtaani, kumbukeni kwamba kutuma kunahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Wapo Watanzania wenye leseni za redio za ridhaa, utambulisho wao unaanza na 5H, na wengi wao wana ujuzi wa betri kuliko fundi wa duka. Ukimpata mmoja, mkalishe chini umuulize.

Limebaki moja: betri ikifa. Usiifungue. Ndani ya betri ya asidi kuna risasi, madini yaleyale ya kutengenezea vizito vya nyavu, na kishawishi cha kuyayeyusha jikoni ni kikubwa. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi pembeni ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, watoto wakaugua kwa sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikakatiwa rufaa, na ni Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliporudisha fidia hiyo. Kile kilikuwa kiwanda, chenye ukuta na dohani. Sufuria ya jikoni haina hata ukuta, na risasi iliyoingia mwilini mwa mtoto huathiri ubongo wake. Iuze betri nzima kwa wanunuzi wa betri kuukuu, au irudishe dukani unaponunua mpya. Maduka mengi yanapunguza bei ukiyarudishia ya zamani. Ile ndogo ya lithiamu bandika plasta kwenye vichwa vyake visigusane na chuma, iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga, nje ya nyumba, mpaka umpate fundi wa simu anayezikusanya.